Kuhema si kasi: HIIT na vyuma kwa mkimbiaji wa mbio fupi

Kijana wa mita 100 akiniambia kuwa leo kocha amewapigisha HIIT, yaani mazoezi ya vipindi vikali, swali langu huwa moja: ulipumzika muda gani kati ya mbio moja na nyingine? Akijibu dakika sita, hakufanya HIIT hata kidogo, alifanya mazoezi ya kasi. Akijibu sekunde 20, ni kweli alifanya HIIT, lakini kasi yake ya juu hakuigusa. Mazoezi haya mawili yanaujenga mwili kwa namna tofauti kabisa, na bado viwanjani na kwenye jimu yanaitwa jina moja. Sasa limezuka na swali la pili, kwamba kati ya HIIT na vyuma, kipi kinamfaa zaidi mkimbiaji wa mbio fupi. Linaulizwa kana kwamba viwili hivyo vinafanya kazi moja na kimojawapo kinaifanya vizuri zaidi.

Maana kwanza, kwa ufupi. HIIT ni mazoezi ya vipindi vikali: unafanya kazi ngumu kwa sekunde kadhaa au dakika chache, unapumzika kidogo kwa makusudi, kisha unarudia kabla mwili haujatulia. Yanalenga moyo, mapafu na uwezo wa misuli kutumia oksijeni na kustahimili uchovu. Mazoezi ya ukinzani ni yale ambayo misuli inasukuma au kuvuta kitu kinachoipinga, kiwe chuma, mkanda wa mpira, tairi linaloburutwa, mlima au uzito wa mwili wenyewe, na mzigo huo huongezwa kadiri nguvu inavyokua. Yanalenga nguvu. Kuhusu maana, hiyo inatosha.

Nataka tukae zaidi kwenye pumziko, kwa sababu ndipo mkanganyiko wote unapoanzia.

Katika miaka ya 1930, mjini Freiburg, Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Hans Reindell walikuwa wakipima mapigo ya moyo ya wakimbiaji. Mkimbiaji alikimbia kipande kifupi mpaka moyo ukafikia takriban mapigo 180 kwa dakika, kisha akasubiri ushuke hadi 120 ndipo aondoke tena. Usiposhuka ndani ya sekunde 90, ilichukuliwa kwamba kazi imemzidi. Gerschler na Reindell waliamini kuwa moyo unajengeka hasa katika ule muda wa kusubiri. Kipindi kilichoyapa mazoezi haya jina lake ni pumziko lile la katikati, wala si mbio zenyewe. Mwanafunzi wao mashuhuri, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwaka 1939, na rekodi hiyo ya dunia ikadumu hadi 1955. Baada ya vita Emil Zátopek wa Chekoslovakia akaufanya mtindo wa kurudia mita 400, huku akikimbia taratibu katikati, ujulikane dunia nzima, hasa aliposhinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki 1952. Tazama umbali wenyewe: unaanzia mita 800 na kupanda. Mazoezi ya vipindi yalizaliwa kwa ajili ya watu wanaohitaji pumzi.

Jina lililoyafikisha kwenye kila jimu ni la Izumi Tabata. Mwaka 1996 yeye na wenzake nchini Japani walichapisha utafiti wa mtindo ambao kocha Koichi Irisawa alikuwa akiutumia kwa timu ya taifa ya mbio za kuteleza kwenye barafu: sekunde 20 za kazi kali mno, sekunde 10 za pumziko, mara saba au nane. Baada ya wiki sita, uwezo wa washiriki kutumia oksijeni ulikuwa umepanda, na uwezo wao wa kuzalisha nishati bila oksijeni ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 28. Ni matokeo makubwa na yanastahili heshima yake. Ila washiriki wale walikuwa wakikanyaga baiskeli ya maabara, na kilichopimwa kilikuwa nishati. Kasi ya juu ya kukimbia haikupimwa.

Sasa mtazame mkimbiaji wa mita 100. Anapotoka kwenye vitalu vya kuanzia mbio, misuli yake inategemea kwa kiasi kikubwa akiba ndogo ya fosfokriatini, kemikali inayotoa nishati upesi kuliko njia nyingine yoyote ya mwili. Akiba hiyo haidumu. Sekunde zisizozidi kumi za juhudi kamili zinaipunguza sana, na kuirejesha karibu yote huchukua dakika kadhaa. Ukimrudisha kwenye mstari baada ya sekunde 30, atakimbia, na atakimbia kwa uchungu mkubwa, lakini ile nishati ya kasi ya juu haijarudi. Mwili unachukua njia nyingine, ya kuvunja glukosi bila oksijeni. Miguu inakuwa mizito, hatua zinafupika, kiuno kinashuka. Mishipa ya fahamu nayo inajifunza mwendo huo wa uchovu. Ndiyo maana makocha wengi wa mbio fupi hufuata kanuni ya kupumzika takriban dakika moja kwa kila mita 10 za mbio za juhudi kamili. Mita 30, dakika tatu. Mita 60, dakika sita. Anayepita kando ya uwanja huwaona vijana wamekaa tu kivulini na kudhani ni wavivu, kumbe wanangoja misuli ijae tena.

Hapo ndipo ninapokwaruzana na wenzangu. Makali ya HIIT hupimwa kwa mapigo ya moyo na kuhema. Makali ya mkimbiaji wa mbio fupi hupimwa kwa saa: akishuka chini ya asilimia 95 hivi ya kasi yake bora, zoezi la kasi ya juu limekwisha kwa siku hiyo, hata kama hajatokwa na jasho la kutosha. Kijana aliyelala chini akihema, mikono kifuani, amechoka kweli. Uchovu wake hautuambii lolote kuhusu kasi yake.

Hali hii inaeleweka katika nchi zetu. Tumekulia kwenye sifa za mbio ndefu, na kocha anayemkuza mtoto wa mita 100 mara nyingi alifunzwa na watu wa mita 5,000. Fartleki, yaani kukimbia ukibadilisha mwendo wa kasi na wa taratibu, na kurudia mita 400 vimetuletea medali, kwa hiyo tunavipeleka kila mahali. Lakini Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, na kuweka rekodi ya Afrika, alikuwa mtu aliyetokea kwenye raga. Mwili wake unaonyesha nguvu iliyojengwa kwa miaka. Hakuna anayemtazama na kufikiria marathoni.

Vyuma basi vinaingia wapi? Mwaka 2000 Peter Weyand na wenzake nchini Marekani waliwapima watu wa kasi mbalimbali kwenye mashine ya kukimbilia. Waligundua kwamba muda wa kuurudisha mguu mbele hewani hautofautiani sana kati ya mwenye kasi na asiye na kasi. Kilichowatenganisha ni nguvu ambayo mguu unaipiga nayo ardhi. Kwenye kasi ya juu mguu wa mkimbiaji hodari hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati mwingine chini ya hapo, na ndani ya muda huo lazima utoe nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Usain Bolt alipokimbia sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009 alitumia hatua 41 hivi. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa pigo la nguvu, na nguvu ndiyo inayofundishwa na mazoezi ya ukinzani.

Hata hivyo vyuma navyo vina mpaka wake. Kuchuchumaa na chuma kizito mabegani huchukua muda mrefu kuliko mguso mmoja wa mguu katika kasi ya juu. Kwa hiyo faida yake huonekana zaidi mwanzoni mwa mbio, kwenye vitalu na mita 30 za kwanza, ambako mguu unakaa chini kwa muda mrefu kidogo na kazi kubwa ni kuusukuma mwili mbele. Kwenye kasi ya juu, nguvu hiyo inahitaji daraja, yaani miruko, kushuka kutoka juu ya kasha na kuruka papo hapo, na zaidi ya yote kukimbia kwenyewe kwa kasi kamili. Mwenye chuma tupu atakuwa na mapaja makubwa na kuachwa vilevile kwenye mita ya 60.

Faida nyingine haisemwi vya kutosha. Misuli ya nyuma ya paja huchanika hasa pale mguu unapojiandaa kutua, misuli ikiwa imevutika na bado inafanya kazi ya kuuzuia mguu. Kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako akikushikilia vifundo vya miguu, nawe ukashuka mbele taratibu huku ukijizuia. Tafiti za wanasoka zimeonyesha kuwa hupunguza sana majeraha hayo, na halihitaji jimu wala fedha, linahitaji mwenzako tu. Wala ukinzani si lazima uwe chuma. John Akii-Bua wa Uganda, mtu wa kwanza kukimbia mita 400 za viunzi chini ya sekunde 48, alipata dhahabu ya Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, na alikuwa akifanya mazoezi ya viunzi akiwa amevaa fulana yenye uzito.

Neno la vyuma nalo linatumiwa ovyo. Kubeba dambeli nyepesi na kurudia mara 30, ukahamia pushapu, ukahamia kuruka kamba, bila pumziko mpaka dakika 20 ziishe, ni HIIT iliyoshika chuma. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari wenye magoti yaliyoumia huko Chicago wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliweka wazi jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1945: nguvu hujengwa kwa mzigo mzito na marudio machache, nao ustahimilivu kwa mzigo mwepesi na marudio mengi. Mkimbiaji anayetaka nguvu ananyanyua mzigo mzito mara tatu hadi sita, anakaa dakika tatu au zaidi, kisha anarudia. Pumziko tena.

Je, HIIT na vyuma vinaweza kuchanganywa? Vinaweza, kwa kipimo. Mwaka 1980 Robert Hickson alichapisha utafiti wa wiki kumi ambapo kundi moja lilifanya nguvu pekee, jingine ustahimilivu pekee, na la tatu yote mawili. Kundi la tatu liliongezeka nguvu kwa wiki saba hivi, kisha likasimama na kuanza kurudi nyuma, huku lile la nguvu pekee likiendelea kupanda. Kazi waliyopewa ilikuwa nzito mno na mkimbiaji wa kawaida hafikii kiwango hicho. Hata hivyo onyo lake linamhusu kocha anayewapigisha vijana HIIT Jumatatu, vyuma Jumanne, HIIT tena Jumatano, kisha akashangaa kwa nini saa haishuki.

Mbio za mita 400 nazimegea nafasi yake, kwa sababu hapo watu wa HIIT wana hoja ya kweli. Vipimo vilivyochapishwa na Matt Spencer na Paul Gastin mwaka 2001 vilionyesha kwamba oksijeni ilichangia takriban asilimia 29 ya nishati kwenye mita 200 na asilimia 43 kwenye mita 400. Asilimia 43 si kidogo. Clyde Hart, kocha wa bingwa wa mita 400 Michael Johnson katika Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, alijulikana kwa kurudia mita 200 nyingi kwa pumziko fupi wakati wa maandalizi, idadi ikipungua na kasi ikipanda kadiri mashindano yalivyokaribia. Mwanafunzi wake alimaliza na sekunde 43.18 mjini Seville mwaka 1999. Mkimbiaji wa mita 400 anayekataa kazi ya aina hiyo ataumbuka kwenye mita 80 za mwisho. Hata wa mita 100 anaweza kufaidika nayo kidogo mwanzoni mwa msimu, kurudisha afya ya jumla baada ya likizo, mradi ajue kuwa anajenga uwezo wa kuhimili mazoezi na kwamba kasi itafundishwa siku nyingine, akiwa hajachoka.

Kwa hiyo, mwalimu wangu unayeandika HIIT kwenye ratiba ya vijana wa mita 100 na 200, sikuombi uifute. Nakuomba uandike na pumziko kando yake. Kama umeandika mita 30 mara sita kwa pumziko la dakika tatu, badilisha jina, hayo ni mazoezi ya kasi, na ni mazuri. Kama umeandika mita 100 mara kumi kwa pumziko la sekunde 30, liache jina lilivyo, ila yasogeze mbali na siku ya vitalu na siku ya chuma kizito, na usiwaambie vijana kwamba wametoka kufanyia kasi kazi.