Mafunzo ya wanachama wa bodi ya shule: maana yake na kazi yake

Kila shule ya umma nchini Kenya ina bodi ya usimamizi, ile ambayo wazazi huiita BOM. Bodi hizi zimewekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kabla ya hapo shule za upili zilikuwa na bodi za magavana, na za msingi zilikuwa na kamati. Katika BOM kuna watu 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya eneo, 3 wa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa, mmoja aliyeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, mwakilishi wa walimu, na wengine wa makundi maalumu na watu wenye mahitaji maalumu. Baraza la wanafunzi nalo lina mjumbe. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Hapo kwenye ukatibu ndipo haja ya mafunzo inapoanzia. Muuza mboga, mchungaji na karani mstaafu wanakalishwa meza moja na mtu ambaye waraka wa wizara ulimfikia yeye kwanza, anayeandaa ajenda, anayeandika kumbukumbu na anayejua fedha ziko wapi. Asipopenda swali fulani, anaweza kusema tu kwamba wizara hairuhusu. Nani atambishia? Mafunzo ya wanachama wa bodi yana maana ya kumpa raia huyo uwezo wa kuisoma sheria na hesabu za shule mwenyewe, ili anapoinua mkono kuunga hoja ajue anaunga nini.

Tuchukue hesabu. Kwa miaka kadhaa serikali imeweka mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 400 inasimamia karibu shilingi milioni 9, angalau kwenye karatasi, maana fedha zenyewe huja kwa awamu na huchelewa. Mwanachama aliyefunzwa hujua mgao umegawanywa katika mafungu, na kwamba fungu la ukarabati halihamishwi kimyakimya kwenda kununua mafuta ya basi. Hujua pia kwamba walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) hawako chini yake kinidhamu kama walivyo wale walioajiriwa na bodi yenyewe.

Halafu kuna maamuzi ambayo watu hufanya kwa nia njema kabisa na huku wanavunja sheria. Bodi inakaa, inaona wastani wa mtihani umeshuka, inaazimia watoto dhaifu warudie darasa. Kifungu cha 35 cha sheria ile ile ya 2013 kinakataza mwanafunzi kurudishwa darasa. Kifungu cha 36 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mzee wa bodi aliyelelewa kwa kiboko hawezi kuyabuni haya kichwani. Lazima mtu amfungulie ukurasa.

Taasisi ya Usimamizi wa Elimu ya Kenya, KEMI, ndiyo iliyopewa kazi ya kuwanoa wasimamizi wa shule, bodi zikiwemo. Warsha nyingine huandaliwa na ofisi za elimu za kaunti au mashirika. Kwa maoni yangu, semina ya siku moja hotelini, ambayo mwalimu mkuu amechagua mkufunzi, amepanga mada na anaandika majina ya posho, haihesabiki sana. Anayesimamiwa ndiye anayewafundisha wasimamizi wake.

Ndiyo maana mtandao wa bodi, yaani wanachama wa shule mbalimbali kujuana na kuulizana, una uzito sawa na darasa. Wakuu wa shule za upili wana chama chao, KESSHA, na wa msingi wana KEPSHA. Wakikutana hubadilishana habari za kila kitu. Mwanachama wa bodi wa kijijini akijuana na wenzake watatu wa shule jirani, ataweza kuuliza wao wananunua gunia la mahindi kwa bei gani, na bweni la vitanda 80 liliwagharimu ngapi. Majibu hayo hayapiti kwa katibu.

Mabweni ni mfano mzito zaidi. Mwaka 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na wizara mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Bodi iliyotembelea shule iliyotimiza hayo hurudi na kipimo cha kupimia bweni lake. Isiyotembea popote huona vitanda vilivyobanana na kufikiri ndivyo bweni lilivyo.

Kwa aliyechaguliwa juzi na bado hajaitwa kwenye warsha yoyote, pa kuanzia ni rahisi: omba nakala ya Sheria ya 2013, usome vifungu vya 55 hadi 59 kuhusu bodi, kisha uombe bajeti ya mwaka huu na taarifa ya mwisho ya ukaguzi wa hesabu. Ziombe kwenye kikao, na uangalie ombi hilo limeandikwa kwenye kumbukumbu.