Meneja asiyejua "ya kutolea"

Kwa miaka tisa sasa nafanya utafiti wa wateja wa huduma za fedha kwa simu. Siku nyingi nashinda vibandani kwa mawakala, natazama watu wanavyobonyeza.

Kikao kimoja, meneja wa bidhaa alituonyesha jambo lililomsumbua. Watu hawatumi 50,000 kamili, wanatuma na vijisenti juu. Alidhani wanakosea kuandika, akataka menyu iwape viwango kamili vya kuchagua. Nikamuuliza, "Kwani wewe ukimtumia mama, hutumi na ya kutolea?" Kumbe yeye huhamisha benki kwa benki. Hajawahi kupanga foleni kwa wakala.

Mtoto anayetuma 50,000 anataka mama yake ashike 50,000 mkononi. Asipoongeza ya kutolea, mama atakatwa kwa wakala na pesa ya dawa au ada itapungua. Kampuni inauza vitu viwili, kutuma na kutoa, kila kimoja na makato yake. Mteja ananunua kimoja tu: pesa kamili ifike kwa mama. Viwango kamili vya meneja vingemharibia hesabu yake yote.

M-Pesa yenyewe ilizaliwa kwa kumtazama mteja hivi. Majaribio yalianza Kenya mwaka 2005, pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, yakiwa na wateja wasiofika 500. Wazo la Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, lilikuwa mkopaji arejeshe mkopo wake kwa simu. Mwenzake, Susie Lonie, alihamia Kenya kuyasimamia. Wakaona watu wanatumiana pesa wao kwa wao, na wengine wanaziacha kwenye simu ili wasisafiri na noti mfukoni. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando. Tangazo lilikuwa la kutuma pesa nyumbani. Naamini uchache wa wateja wale ulisaidia sana, maana mtu mmoja akifanya jambo la ajabu unaweza kwenda kumuuliza.

Leo wateja ni mamilioni, na meneja anaona wastani wao kwenye skrini. Simu yake ni ya kisasa, na bando analipiwa na ofisi.

Mwezi uliopita nilikaa karibu na mama mmoja mwenye simu ya batani. Namba ya mwanawe ameiandika kwenye daftari la shule. Anasoma tarakimu mbili, anabonyeza, anarudi daftarini kutafuta alipoishia. Kabla hajamaliza, menyu inajifunga. Alianza upya mara tatu. Mara ya nne alimkabidhi wakala simu, akamtajia na namba ya siri kwa sauti, watu wote wa foleni tukisikia.

Ripoti nyingi nilizosoma huuita huo uzembe wa mteja. Mimi nimeandika kwamba muda wa menyu hautoshi, nikaomba uongezwe. Na meneja nimemwomba tuongozane kibandani wiki ijayo, aje na simu ya batani.