Mtoto Wako ni Askari wa Marekani? Usiyaamini Haya Kuhusu Viza ya Kumtembelea

Siku mama alipokwenda kwenye mahojiano ya viza, mkobani mwake mlikuwa na kitu alichokitunza kuliko hata paspoti: barua kutoka kikosi cha mdogo wangu, yenye nembo ya jeshi, ndani ya bahasha ya plastiki isije ikakunjika. Ilimwalika kwenye mahafali ya mafunzo ya awali. Alirudi nayo haijafunguliwa. Afisa aliyekuwa dirishani alimuuliza maswali matatu, na kila jibu la mama lilianza na "mwanangu ni askari". Akakabidhiwa karatasi ya kunyimwa viza, iliyotaja kifungu cha 214(b), na mahafali yakampita.

Naandika kwa sababu bado nawasikia wazazi wakipeana ushauri uleule uliotuponza.

"Familia ya askari hupewa kipaumbele."

Haipewi. Mzazi au ndugu wa askari anaomba viza ileile ya B-2 anayoomba mtalii yeyote: anajaza fomu ya DS-160, analipa ada ya maombi, ambayo tangu Juni 2023 ni dola 185 na hairudishwi hata ukinyimwa, kisha anakwenda kwenye mahojiano. Kifungu cha 214(b) kimo katika sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952. Kinamtaka afisa amchukulie kila mwombaji kuwa ana nia ya kuhamia, mpaka mwombaji amridhishe kwamba sivyo. Uzito wote uko hapo. Sare ya mtoto inaeleza kwa nini unataka kwenda, lakini haielezi kwa nini utarudi. Tena mtoto aliyeko kule anaweza kuonekana kuwa sababu ya kubaki. Kinachokusemea ni maisha yako mwenyewe: kazi, biashara, mwenzi wako, watu wanaokutegemea, safari ulizowahi kufanya ukarudi kwa wakati.

Na ile barua? Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inasema wazi kwamba barua ya mwaliko na hati ya udhamini hazihitajiki kwa viza ya matembezi. Ukitaka kuibeba, ibebe, ila usiitegemee.

"Usiseme kwamba una mtoto jeshini, watadhani unahamia."

Huu ndio ushauri unaonitisha kuliko yote. Fomu inauliza kama una jamaa wa karibu Marekani na hadhi yao huko. Inauliza pia kama kuna mtu aliyewahi kukuombea uhamiaji, na baadhi ya askari waliokwisha kupata uraia huwa wamewaombea wazazi wao kwa I-130, fomu ya kumwombea jamaa ukaazi. Ombi hilo linaweza kumtia afisa wasiwasi, ni kweli. Lakini anayenyimwa kwa 214(b) anaweza kuomba tena, ilhali anayebainika kudanganya kwa makusudi anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Sema ukweli, kwa maneno machache.

"Viza ya Marekani itanifikisha popote alipo."

Askari wengi wa Marekani wako nje ya Marekani: Ujerumani, Japani, Korea Kusini, Italia. Ramstein, kambi ya jeshi la Marekani, iko katika ardhi ya Ujerumani, kwa hiyo mgeni anayehitaji viza kuingia Ujerumani ataomba ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, yenye kikomo cha siku 90 ndani ya kila siku 180, na atatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Mkataba wa NATO wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya majeshi unamhusu askari pamoja na mwenzi na watoto wanaomtegemea. Mama anayekuja kutembea wiki tatu hayumo. Kibali cha kupita lango la kambi nacho ni jambo jingine, na hilo askari mwenyewe hulishughulikia kambini.

"Viza ya miaka kumi ni ruhusa ya kukaa miaka kumi."

Tarehe iliyo kwenye viza ni ya mwisho wa kuitumia kuingilia. Muda wa kukaa hupangwa na afisa wa mpakani na kuandikwa kwenye I-94, rekodi ya kuingia kwako nchini. Kwa kawaida hauzidi miezi sita. Ukipitiliza zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka mitatu. Ukipitiliza mwaka mzima au zaidi, ni kumi.

"Askari akiumia vibaya, familia husafiri bila viza."

Jeshi laweza kuwagharimia nauli jamaa wa askari aliyejeruhiwa vibaya, lakini viza bado inahitajika. Jaza fomu, lipa ada, halafu omba miadi ya dharura ukiambatisha uthibitisho wa hospitali au wa kikosi.

"Ukinyimwa mara moja, ndiyo basi."

Uamuzi wa 214(b) hauna rufaa, lakini pia haukufungi. Unaomba upya, kwa fomu mpya na ada mpya, vizuri zaidi kama una jambo jipya la kueleza au ulishindwa kujieleza. Mama alirudi mwaka uliofuata. Alipoulizwa atakaa muda gani, akajibu: "Wiki tatu. Shule zikifunguliwa, darasa la nne wananingoja mimi." Afisa akauliza anafundisha somo gani. Hesabu, mama akasema, na paspoti ikabaki dirishani kwa ajili ya kubandikwa viza.