Methani sio ng'ombe tu jamani

Ukitaja methani, ile gesi inayochangia kupasha dunia joto, watu wanawaza ng'ombe anajamba, wanacheka, mada imeisha. Hata hiyo yenyewe sio sahihi, gesi nyingi ya ng'ombe inatokea mdomoni. Majani yakifika tumbo la kwanza kuna vijidudu vinayachachua bila hewa ya oksijeni, ndo vinatoa methani, afu mnyama anapiga mbweu inatoka.

Na hayuko peke yake. Kuna visima vya mafuta na gesi, migodi ya makaa ya mawe, madampo, mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na vinamasi pia (chokonoa tope la kinamasi na fimbo uone mapovu yanavyopanda, mengi ni hiyo hiyo). Vinamasi ni vya asili sawa, ila zaidi ya nusu ya methani inayoingia hewani inatokana na shughuli zetu wenyewe.

Wengine wanasema ni kidogo mno, itafanya nini? Ni kidogo kweli, kama sehemu 1.9 kwenye kila sehemu milioni za hewa, ila kabla ya viwanda ilikuwa kama 0.7. Na tani moja ya methani ndani ya miaka 20 inapasha dunia zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ukaa (CO2), kwahiyo uchache wake usikudanganye.

Inayoniuma zaidi ni hii ya "si inakaa miaka kumi na kitu tu afu inaisha". Inaisha ndio, inageuka hewa ukaa na mvuke wa maji, lakini kama kila siku tunamwaga nyingine itapungua saa ngapi? Hiyo ilitakiwa iwe habari njema, maana ukiziba leo matokeo unayaona ndani ya miaka michache, wakati hewa ukaa sehemu yake inabaki karne na karne. Ndo maana 2021 kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow, Uskoti, nchi zaidi ya 100 ziliahidi kwa pamoja kupunguza 30% ifikapo 2030, wakihesabu kutoka kiwango cha 2020.

Afu usiseme ikivuja tutanusa. Haina harufu wala rangi, ile harufu ya gesi ya nyumbani huwa wanaitia makusudi. Simama mbele ya bomba linalovuja kwa macho yako huoni kitu, shika kamera ya infraredi (inanasa mionzi ambayo jicho haliioni) unaona wingu zima linafuka, na pengine shida ni vali imelegea tu, inasubiri mtu aje na spana.