Je, wajua kwa nini ugonjwa wa misuli kuchoka mara nyingi huja na wenzake?

Mama mdogo alikuwa anakula ugali wa mtama na mlenda nyumbani kwake Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Matonge ya kwanza aliyala vizuri. Katikati ya chakula akaweka kiganja chini ya kidevu, akawa anaisaidia taya kutafuna. Kope la jicho la kushoto lilikuwa limeshuka nusu. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikata zabibu shambani bila shida yoyote.

Ugonjwa wake unaitwa miasthenia gravisi. Kwa kawaida mshipa wa fahamu humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, vipokezi vilivyo kwenye msuli huidaka, na msuli hujikaza. Kwa wagonjwa wengi wa miasthenia, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoziba na kuharibu vipokezi hivyo. Kadiri msuli unavyotumika ndivyo unavyoishiwa nguvu. Ndiyo maana asubuhi huwa nafuu na jioni taabu, na joto la mchana huzidisha.

Miezi michache baadaye alianza kukonda. Moyo ukawa unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Sisi wa nyumbani tukasema ni ugonjwa uleule umepanda. Tulikosea: ilikuwa tezi ya shingo, thairoidi, inayotoa homoni kupita kiasi.

Kosa la mwili wake, kumbe, halikuanzia kwenye msuli. Lilianzia kwenye kinga, na kinga ikishashindwa kutofautisha mwili na adui katika sehemu moja, ni rahisi zaidi kukosea na penginepo. Urithi nao huchangia. Kwa hiyo mwenye miasthenia anaweza pia kupata baridi yabisi, lupasi (kinga kushambulia ngozi, viungo na figo), mabaka meupe ya ngozi, au upungufu wa damu unaotokana na tumbo kushindwa kunyonya vitamini B12.

Thairoidi ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu inajificha ndani ya dalili za mwenzake. Homoni zikizidi, misuli hulegea. Zikipungua, hulegea vilevile. Hata macho huchanganya, maana magonjwa yote mawili yanaweza kumfanya mtu aone vitu viwili viwili. Ila ugonjwa wa thairoidi huyatokeza macho nje na kuvuta kope juu, wakati miasthenia huangusha kope. Ukiona jicho lililotokeza lakini kope limeanguka, huenda yote mawili yamo. Kipimo cha damu cha homoni za thairoidi hujibu sehemu kubwa ya swali hilo, na naomba sana kila familia yenye mgonjwa wa aina hii ikiulizie.

Mwenzake mwingine yuko kifuani. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, inayozifunza baadhi ya seli za kinga kazi yake. Kati ya wagonjwa 100, kama 10 hadi 15 huwa na uvimbe kwenye tezi hiyo, hivyo daktari huagiza picha ya kifua ya siti skani. Mwaka 1936 mpasuaji wa Marekani, Alfred Blalock, alimtoa msichana mmoja uvimbe huo, na miasthenia yake ikapata nafuu.

Tiba nayo ina mambo yake. Predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga, ikitumika muda mrefu yaweza kuleta kisukari, kupandisha presha, kudhoofisha mifupa na kuamsha kifua kikuu kilicholala. Halafu kuna dawa za magonjwa mengine kabisa, kwinini ya malaria na antibayotiki kama jentamaisini na sipro zikiwemo, zinazoweza kuizidisha miasthenia hadi mgonjwa akashindwa kumeza au kupumua. Akifika hapo, ni hospitali usiku huohuo, si kusubiri kupambazuke.

Kwenye jalada la daftari lake la kliniki, mama mdogo ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nina miasthenia. Kwinini hapana. Jentamaisini hapana. Sipro, muulize daktari kwanza." Akifika dirishani hulitoa daftari hilo kabla hajasema kinachomuuma.