Eti sisi tunajiigiza tu

Jamani leo tuelewane maana nimechoka. Mie ni mwigizaji wa sehemu ndogondogo, si staring, yule mhusika mkuu. Juzi kwenye tuktuk ya Majengo kijana kanitambua, kafurahi vizuri tu, kisha akaitoa ile kauli: "Ami, kazi yako rahisi, we unajiigiza vile ulivyo. Staring ndie anaetoka jasho." Nishaisikia kwa majirani, kwa ndugu zangu wa damu, na kibaya zaidi kwa maprodyuza, na hao ndio wenye pesa.

Haya, mchukueni Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha tivii. Lafudhi ile, mwendo ule, watu kibao walikata shauri kuwa ni Mjaluo. Yule ni Benson Wanjau, Mkikuyu, mpaka anafariki 2015. Alikuwa anajiigiza vipi? Au Sidede Onyulo, yule mpishi Owuor kwenye filamu ya Wajerumani ilochezewa hapa Kenya ikabeba Oscar 2003. Mtu akimaliza kuitazama, mpishi ndie anaebaki nae kichwani.

Sasa nikueleze mwenye kahawa, nshamcheza. Kwenye skripti ni mistari miwili: anamimina kahawa, anasema "huyo mtu hakulala hapa jana". Basi. Nyumbani wewe unaona sekunde chache. Lakini sini hio inapigwa kwanza kwa mbali sote tukiwa ndani, halafu kamera inasogea kwa staring, halafu kwa mwenzake, halafu ndio inanifikia mie, na kila upande teki nne tano, yaani mnarudia kupigwa mara nne tano, ndege ikipita mnaanza upya, adhana ikianza mnasubiri iishe. Na mara zote hizo dele, birika la kahawa, liko mkono wa kushoto, vikombe kulia, kahawa inafika nusu ya kikombe haizidi, na dele nainua neno "hakulala" linapotoka, si kabla si baada. Nikiteleza nikainua kwenye "jana", mhariri hana pa kuunganishia, atautupa uso wangu abaki na sauti. Na mwenye kahawa wa kweli pale Mji wa Kale, Mombasa, hautazami mkono wake hata kidogo, anamtazama mteja, anagonganisha vikombe huku akili iko kwengine kabisa. Kwa hivo mie nahesabu yote hayo na lazima nionekane sihesabu chochote. Hio ndio kazi yenyewe, na ikifanywa sawasawa haionekani, ndio maana mnasema najiigiza!

Na kamera ikiwa kwa staring, mie niko pembeni yake nampa laini zangu kwa nguvu ileile, kwa sababu uso wake unategemea macho yangu. Kuna waigizaji hapo wanasoma laini kwenye simu, hata kichwa hawainui. Nawaambia wazi, huo ni wizi, unamwibia mwenzako.

Lafudhi nayo. Skripti nyingi zikiandika "mtu wa Pwani" ni mtu anaevuta maneno na "yakhe" kila sentensi. Mmvita, mtu wa Mombasa, haongei kama Mbajuni, na mzee wa Kigiriama wa Malindi hana sauti ya bibi wa Kibokoni, Mombasa. Ukinipa mhusika niambie katoka mtaa gani.

Vitabu vya uigizaji vinasema uandike maisha yote ya mhusika, alizaliwa wapi, alimpenda nani. Naandika, lakini wallahi sina hakika kama yasaidia. Kuna wahusika niliwapata kwa viatu tu, nikavaa kandambili zimelika upande mmoja, mwendo ukaja, sauti ikafuata, na ile daftari sikuifungua tena.

Pesa, kwa ufupi. Prodyuza akiamini unajiigiza atakulipa kama ekstra, yule wa kupita nyuma tu. Kabla hujakubali uliza ni siku ngapi za seti, saa za kusubiri zinalipwa au la, usafiri juu ya nani, na kipindi kikiuzwa stesheni nyengine wewe unapata nini. Yaandikwe, si ya mdomo.

Linaloninyima raha ni waganga. Imani hihi ya kujiigiza ndio inafanya mzee wa Kipwani aitwe kucheza mganga, na kama si mganga ni mvuvi anaejua habari za majini. Nikikataa ataletwa mtu na kanzu ya kuazima na lafudhi ya kubuni, na wajukuu zetu watamtazama huyo. Nikikubali nimeongeza mganga mwengine kwenye tivii. Mara nyingi nakubali, ila naomba wambadilishe kidogo, awe na mke anaemgombeza, awe na deni dukani, kitu cha kumfanya binadamu. Madairekta wengine wanakaa na mie tunaandika pale pale. Wengine wanasema muda hakuna, vaa kilemba twende, na hapo navaa, na mpaka leo sijui kama ni sawa.