Mtu wa IT sio wa kutengeneza printa tu

Ofisi nyingi hapa Kigoma, kuanzia wauza dagaa na mawese wa jumla mpaka sakosi, watu wanaamini mtu wa IT ni wa kuitwa kitu kikiharibika, printa imegoma, neti imekata, ila mambo ya biashara ni ya bosi na mhasibu. Inaeleweka kabisa, maana mara nyingi tunamwona kainama chini ya meza na waya mkononi.

Ila maamuzi mengi ya IT ni ya biashara. Chukua bakapu, yaani nakala ya akiba ya data za ofisi, mtu wa IT anaweza kuiseti kila usiku au kila saa, sasa seva, ile kompyuta kuu inayotunza data, ikiungua saa kumi jioni nani kasema duka linavumilia kupoteza rekodi za mauzo ya siku nzima au ya saa moja tu? Hilo ni la bosi, sababu ndo anayejua hasara yake na ndo anayelipa, na IT kazi yake ni kumwambia kila chaguo lina gharama gani. Wasipokaa pamoja kila mmoja anadhani mwenzie kashamaliza, na hii inaumiza sana biashara za watu.

Kucheki mwenyewe ni rahisi, muombe mtu wa IT arudishe faili moja la juzi kutoka kwenye bakapu ukiwa umekaa hapo hapo, uone linachukua muda gani na kama linafunguka kweli. Halafu uliza, mkifungua tawi Kasulu IT ataambiwa lini, wakati wa bajeti au siku ya kupanga meza? Maana neti ya kule inatakiwa ipimwe kabla hamjasaini mkataba wa fremu.